Kushika Kichuma Sio Kupimwa Sukari: Maelezo Kutoka Afya ya Umma, Malindi

Wiki hizi ofisini kwetu hapa Malindi watu wanakuja na makaratasi. Sio makaratasi ya hospitali, ni zile ripoti za "skani ya mwili mzima" zinazotolewa kwenye kambi zinazozunguka Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo mpaka huko Mambrui na Gongoni, unalipa mia tano au elfu moja, unashika kichuma mkononi dakika moja hivi, kompyuta inalia, unapewa kurasa thelathini na kitu zinazosema ini liko hivi na figo ziko vile, na ukurasa wa mwisho kuna dawa za maelfu. Wengine wamekuja kudai pesa zao. Wengine, na hawa ndio wamenifanya niandike, wamekuja wakiwa washaacha vidonge vya sukari na presha kwa sababu karatasi ilisema wako sawa.

Karatasi moja niliisoma mwanzo mpaka mwisho. Mwenyewe ni mama mtu mzima wa Muyeye, ameniruhusu nieleze bila kumtaja. Kila mstari una namba, tena namba zenye nukta na tarakimu tatu mbele yake, na rangi, kijani ni nzuri na nyekundu ni mbaya. Moyo upo, mifupa ipo, nyongo ipo. Halafu ukurasa wa kumi na moja, tezi dume. Imepimwa kabisa, imepewa namba, na pembeni imeandikwa imevimba kidogo. Kijana wa kompyuta alikuwa ametoka kumhudumia mwanamume akasahau kubadilisha pale pa jinsia, na mashine haikushtuka wala nini, ikaipima tezi dume ya mama wa watu ikaikuta na kasoro. Alikuwa ameshauziwa dawa yake pia.

Basi mjue kinachofanyika. Kabla hujashika kile kichuma unaulizwa jina, umri, jinsia, urefu na uzito, vinaingizwa kwenye programu, na ripoti inatungwa kutokana na hayo. Jina la mashine, "quantum magnetic resonance", wameliazima kwa MRI ya hospitali, ndio mkiona maneno ya sumaku na mawimbi mnadhani ni ile ile. MRI ya kweli ni sumaku kubwa, mgonjwa analazwa ndani yake, inatoa picha, na picha inasomwa na daktari aliyesomea kazi hiyo. Na hata hiyo ya kweli haikupi namba ya sukari ya damu. Sasa kiboksi kinachoingia mfukoni kitakupa vipi?

Ziko mashine nyengine ambazo kweli zinapima kitu, ila wanachopima sio wanachokwambia. Zile za kugusa ncha za vidole kwa kalamu ya chuma asili yake ni Ujerumani, daktari mmoja aitwaye Reinhold Voll alianzisha mtindo huo miaka ya 1950. Zinapima jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Ngozi iliyolowa inapitisha zaidi, na ukibonyeza kwa nguvu namba inabadilika, kwa hiyo mwenye kushika kalamu anaweza kupata namba anayoitaka hata bila kukusudia. Na hapa kwetu wakati wa Kaskazi nani ana mkono mkavu?

Nikifika hapa kwenye mikutano lazima mtu asimame aseme ati serikali inapinga dawa za kienyeji, inatetea makampuni. Jamani. Hili nimelijibu mpaka nimechoka na nitalijibu tena. Dawa ni kitu kimoja na kipimo ni kitu chengine. Dawa ya malaria tunayowapa nyinyi hospitali, AL, ina kiungo kilichotokana na mmea wa pakanga uliotajwa kwenye vitabu vya kale vya Kichina, na bi Tu Youyou aliyeongoza utafiti huo akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hakuna anayelikataa hilo. Lakini mti kutibu malaria hakumaanishi kwamba mtu anaweza kujua una malaria kwa kukutazama ulimi. Hata wenyewe wakati wa kuijaribu ile dawa walipima vimelea kwenye damu.

Na sheria haiwachukii waganga. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima ya tiba za asili na tiba mbadala, inatambua kazi hiyo na inataka kuwe na utaratibu wa kumpeleka mgonjwa hospitali inapobidi. Kwa hiyo mzee wa mitishamba aliyekwambia "mwanangu, hili ni la hospitali" amefanya jambo ambalo sheria inataka. Tunao wazee kama hao huku Ganda na Kakuneni na tunaheshimiana nao sana, wengine wanatuletea wagonjwa mapema kuliko baadhi ya zahanati za kulipia, lakini hayo tuyaache.

Kushika mshipa nako kuna watu wanakudharau bure. Matabibu wa Kihindi, wa Kichina, wa tiba ya Kiarabu, wote wanashika mshipa, na sisi pia tunashika. Mshipa unaweza kukwambia moyo unakwenda mbio, unakwenda taratibu mno, au unaruka mapigo, na hayo ni mambo mazito ya kujua. Usichoweza kukwambia ni kwamba kuna uvimbe kwenye kizazi au sukari ni kumi na nne. Hao wanaotaja ugonjwa kwa mshipa peke yake, walipojaribiwa kwa kupewa mgonjwa mmoja wamshike kila mtu kivyake, mara nyingi hawakukubaliana. Na kipimo ambacho watu wawili waliosomea wakikifanya kwa mgonjwa yule yule asubuhi ile ile wanapata majibu mbalimbali, huwezi kukijengea matibabu. Ulimi vilevile, kuna upungufu wa damu unaonekana, kuna utando wa fangasi, kuna ukosefu wa maji, ila ramani ya ini na wengu kwenye ulimi hakuna.

Mambo ya mburuga na ramli siyagusi, hayo ni ya imani na sio idara yangu. Mpaka pale mtoto ana homa ya siku tatu na bado anapelekwa kupigiwa mburuga, hapo inakuwa idara yangu.

Sasa macho. Hii imekuja sana, mtu anakumulika na tochi na kioo cha kukuzia, anakuonyesha kidoa kwenye ile sehemu yenye rangi anasema figo hiyo. Mwanzilishi wake ni daktari wa Hungaria, Ignaz von Peczely, karne ya 19. Mwaka 1979 Marekani walichapisha utafiti, watu 143 walipigwa picha za macho, baadhi yao wana ugonjwa wa figo uliothibitishwa kwa damu na wengine wazima, wakapewa wasomaji watatu wa macho watenganishe. Walishindwa. Na hebu fikirieni kidogo tu, ile sehemu yenye rangi ndiyo hiyo hiyo inayotumika kumtambua mtu kwa kamera, na inatumika hivyo kwa sababu haibadilikibadiliki maishani. Ingekuwa inajichora upya kila figo ikiugua, si ungezuiwa airport? Macho yana habari zake, umanjano kwenye weupe wa jicho ni dalili ya kweli, weupe ndani ya kope la chini pia, na mwenye sukari lazima aangaliwe nyuma ya jicho kila mwaka. Lakini hayo sio yale.

Kwa hijama nitasema fupi. Kuumika ni jambo la watu wengi hapa na siwaambii waache, nawaambia wembe uwe mpya umefunguliwa mbele yako, kwa sababu homa ya ini ya B na HIV hupita kwa wembe wa kushirikiana. Ila mkiambiwa ati ile damu nyeusi iliyoganda kwenye kikombe ni kipimo cha sumu mwilini, sio. Damu iliyokaa chini ya ngozi ikavutwa huwa nzito na nyeusi kwa mtu mzima wa afya pia.

Halafu ile beseni ya miguu. Hii iko zaidi kwenye masehemu ya masaji upande wa Watamu lakini imeshaingia mjini. Unatia miguu kwenye maji ya chumvi, kuna kifaa cha umeme ndani, maji yanageuka kahawia, mwenye nyumba anasoma rangi: hii ya viungo, hii ya ini, hii ya sigara. Tulipokwenda kukagua sehemu moja tukamwambia mwenyewe awashe bila mguu wa mtu yeyote. Akasitasita, akatia chumvi, akawasha. Haikuchukua muda maji yalikuwa ya kahawia na povu juu. Ni chuma cha kile kifaa kinaoza kwa umeme na chumvi, ni kutu. Mteja mmoja alikuwa amekaa pale akingoja zamu yake, alivaa viatu vyake akaondoka, hakusema neno.

Kipimo cha kweli cha sukari ni damu. Ukiwa hujala usiku kucha, 7.0 kwenda juu ni sukari, ukirudia siku nyengine ukapata hivyo hivyo. Wakati wowote, 11.1 kwenda juu na una dalili, yaani kiu na mkojo mwingi na kukonda, hapo pia. Kuna kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita, HbA1c, asilimia 6.5 kwenda juu. Presha ni 140 kwa 90 kwenda juu zaidi ya mara moja. Hizi namba mkiziuliza kwenye kituo chochote mtapata hizo hizo, sio kila mtu na za kwake. Na msiniambie hospitali ni mbali, wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba tangu 2023 yenye mashine ya sukari na ya presha, wanapita mitaani kwenu.

Na kwa haki, hata kwetu kuna vipimo vinavyotumika vibaya. Kile cha damu cha taifodi, Widal, kinasema "unayo" kwa watu wengi ambao hawana, na bado kuna maabara zinakiuza kila siku na dawa juu yake. Tofauti ni kwamba udhaifu wake unajulikana, umeandikwa, na unaweza kumuuliza mtu wa maabara akakujibu.

Sasa utaratibu, na hapa someni polepole kwa sababu watu wanaharibu kesi wenyewe. Leseni ya biashara ya kaunti iliyotundikwa ukutani sio leseni ya matibabu. Narudia, sio. Ile inamruhusu kufungua duka, basi. Daktari anasajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, clinical officer ana baraza lake, anayepima damu lazima awe amesajiliwa na bodi ya maabara iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na maabara yenyewe isajiliwe, na dawa, hata ya mitishamba iliyotiwa kwenye chupa na kuuzwa, inapita Bodi ya Dawa na Sumu. Cheti cha uganga kutoka idara ya utamaduni kinatambua uganga, hakikupi ruhusa ya kutoboa watu vidole. Mtu akikuonyesha cheti, soma kimetoka wapi na kinamruhusu nini, usisome muhuri peke yake.

Ukitaka kulalamika, njoo na ripoti yenyewe, sio picha ya ripoti kama unayo yenyewe. Usiifute ile meseji ya M-Pesa, ndiyo risiti yako. Chupa za dawa zilete zilivyo na karatasi zake, usizimwage na usizihamishe kwenye chupa nyengine, kuna mtu alituletea dawa kwenye chupa ya soda, sasa mimi nitathibitisha nini? Andika tarehe, mahali, na nani alikupima. Utajaza fomu, utasomewa ulichosema, utatia sahihi. Afisa atakwenda kukagua akiwa na kitambulisho, akikuta kosa anaweza kuandika notisi, kushika vitu kama ushahidi na kuviorodhesha mbele ya mwenyewe, na jalada likikamilika linakwenda kwa upande wa mashtaka halafu mahakama ya Malindi. Inachukua muda. Kujidai daktari, kupima bila usajili, kuuza dawa isiyosajiliwa, kila moja ni kosa peke yake lenye faini au kifungo au vyote viwili. Na kuchukua pesa za mtu kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hicho ni mpaka miaka 3 jela. Polisi wanahusika hapo, sio sisi.

Pesa hatukurudishieni sisi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya mlaji na fidia, lakini hiyo unaidai kwa njia yake, ukija kunigombeza mimi dirishani haitakusaidia.

Wale mlioacha dawa: msizianze tena kwa kukisia wala msimeze mbili kufidia zilizopita. Njooni kliniki ya sukari na presha na kile kitabu chenu cha zamani na chupa mlizouziwa, mkiwa hamjala kama mnaweza, mtapimwa upya ndio dawa ipangwe. Mwenye kutapika, kupumua kwa haraka au kuwa mzito wa akili asingoje siku ya kliniki, aletwe hospitali hata kama ni usiku.