Je, Wajua? Abesi Aliyetoa Maaskofu Watano

Katika karne ya 7, kaskazini mwa Uingereza, wanaume watano waliokuja kuwa maaskofu walisomea kwenye nyumba iliyotawaliwa na mwanamke. Majina yao ni Bosa, Aetla, Oftfor, John na Wilfrid. Mwanamke huyo ni Hilda, abesi (yaani mkuu wa monasteri) wa Whitby. Yeye mwenyewe hakuweza kupewa hata daraja ya upadre. Iliwezekanaje basi?

Tuanze na ukoo, maana bila ukoo hadithi hii haisimami. Hilda alizaliwa mwaka 614. Baba yake, Hereric, alikuwa mpwa wa Edwin, mfalme wa Northumbria, na aliuawa kwa sumu akiwa uhamishoni wakati binti yake angali mdogo. Hilda akakulia upande wa Edwin, na mfalme huyo alipobatizwa mjini York siku ya Pasaka ya mwaka 627, naye alibatizwa. Alipofika umri wa miaka 33 aliamua kuwa mtawa, akakusudia kuvuka bahari kumfuata dada yake kwenye monasteri ya Chelles, Ufaransa. Askofu Aidan, mmonaki wa Kiayalandi aliyetoka kisiwa cha Iona, akamwita arudi kwao. Alianza na kipande kidogo cha ardhi kando ya mto Wear, kisha akapewa kuongoza monasteri ya Hartlepool.

Pili, ardhi. Mwaka 655 Oswiu, mfalme wa Northumbria wakati huo, alikwenda vitani dhidi ya Penda, mfalme mpagani wa Mercia, akaweka nadhiri: akishinda, atamtoa binti yake kwa Mungu pamoja na mashamba 12 ya kujenga monasteri. Alishinda. Mtoto huyo, Aelfflaed, ndio kwanza alikuwa ametimiza mwaka mmoja, naye akakabidhiwa kwa Hilda amlee. Mwaka 657 Hilda akaanzisha monasteri ya Whitby, juu ya jabali linalotazama bahari ya kaskazini. Hapo pima mwenyewe: mtu anayemlea binti wa mfalme, na anayesimamia mashamba yaliyotolewa kwa nadhiri ya vita, hawezi kupuuzwa na mtu yeyote katika nchi hiyo.

Monasteri yenyewe ilikuwa ya pamoja, wanawake na wanaume, kila kundi na makazi yake, wote chini ya abesi. Mtindo huo ulikuwa wa kawaida zama zile, huko na Ufaransa. Mapadre waliokuwamo walisoma misa, ila amri ya nyumba ilikuwa ya Hilda. Beda, mmonaki aliyeandika historia ya Kanisa la Waingereza, anasema hapakuwa na tajiri wala maskini ndani yake, kila kitu kilikuwa cha wote, na Hilda aliwalazimisha watu wake kusoma sana Maandiko. Wafalme walikwenda kumwomba shauri, na wote waliomjua walimwita mama.

Jicho lake kwa vipaji halikuishia kwa wasomi. Caedmon alikuwa mchunga ng'ombe wa monasteri, mtu asiyejua kuimba. Kwenye karamu kinubi kilipitishwa ili kila mtu aimbe kwa zamu, nacho kikimkaribia, aliinuka akaondoka. Usiku mmoja akaota anaamriwa kuimba habari za uumbaji, na alipoamka alikuwa na utungo kichwani. Msimamizi wake akampeleka kwa abesi. Hilda hakushangilia tu wala hakumcheka. Aliwaita wasomi wakamsomea kisa cha Maandiko akigeuze kuwa shairi, na kesho yake akarudi nalo. Ndipo Hilda akampokea awe mmonaki na kuagiza afundishwe historia takatifu yote. Huyo ndiye malenga wa kwanza wa Kiingereza tunayemjua kwa jina.

Mwaka 664 Oswiu aliitisha sinodi, yaani mkutano wa Kanisa, na mahali alipochagua ni kwa Hilda. Ugomvi ulikuwa tarehe ya Pasaka. Mfalme alifuata hesabu ya Waayalandi, malkia Eanflaed alifuata ya Roma, hivyo mfalme aliweza kuwa anasherehekea Pasaka na mkewe angali kwenye mfungo, siku ya Matawi. (Eanflaed alikuwa binti wa Edwin. Kwa hesabu zetu za ukoo ni shangazi yake Hilda, japo alizaliwa miaka 12 baada yake.) Hilda alikuwa upande wa Waayalandi. Msemaji wa Roma, Wilfrid, ambaye si yule mwanafunzi wa Whitby, alishinda kwa hoja ya Petro mwenye funguo za mbinguni. Hilda akaikubali hukumu.

Kumkubali Wilfrid ni jambo jingine. Alipofukuzwa kwenye uaskofu wa York mwaka 678, aliyewekwa kwenye kiti chake alikuwa Bosa, mwanafunzi wa Hilda, na Hilda alituma wajumbe hadi Roma kumshtaki Wilfrid. Wakati huo Hilda alikuwa mgonjwa wa homa iliyomsumbua miaka sita. Alifariki tarehe 17 Novemba 680. Eanflaed, sasa mjane, na binti yake Aelfflaed wakaishika Whitby, na baada ya Bosa, John na Wilfrid wa pili nao wakawa maaskofu wa York. Beda alipomaliza historia yake mwaka 731, Wilfrid huyo wa pili ndiye aliyekuwa bado kwenye kiti.