Usikilizaji wa karibu: maana yake, na spika zinazofaa mezani

Kaa mbele ya kompyuta yako unyooshe mkono. Kama vidole vinaigusa spika, au vinakaribia, hapo unasikiliza kwa karibu. Ni umbali wa kama sentimita 60 hadi mita moja na ushee, ambapo sauti itokayo spikani moja kwa moja inakufikia na nguvu kuliko ile iliyokwisha kugonga ukuta, dari na sakafu. Kwenye kochi, mita tatu kutoka kwenye spika, mambo hugeuka: sehemu kubwa ya unachosikia ni chumba chenyewe. Ndiyo maana sebule ya vigae na madirisha ya vioo, ambayo sabufa ikiwashwa maneno ya wimbo yanavurugika, inaweza kukupa sauti safi ukiwa mezani. Chumba ni kilekile, ila wewe umesogea.

Mtindo huu umetoka studio. Spika iliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo, Yamaha NS-10 yenye koni (kile kiwambo cha mbele kinachotetemeka) nyeupe, ilitolewa mwaka 1978 kama spika ya nyumbani. Maprodyuza ndio walioipandisha juu ya mikseri na kuifanya yao, wengine wakiziba twita, yaani kispika kidogo cha sauti nyembamba, kwa karatasi ya chooni ili kupunguza ukali. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2001, lakini bado utaiona kwenye picha za studio nyingi.

Sasa, anayetaka kubadilisha spika za mezani huanza kwa kuuliza wati. Binafsi naona hilo ndilo swali la mwisho. Chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake. Sogea hadi sentimita 70, unapata kama 89. Wati moja tu, na tayari ni sauti ambayo hutakiwi kukaa nayo kutwa nzima. Zile “PMPO 10,000”, yaani wati za kutangazia biashara tu, zinazoandikwa kwenye maboksi ya sabufa wala zisikutishe: plagi yetu ya ampia 13 haipitishi zaidi ya wati 3,000 hivi, na hizo ni za pasi au jiko.

Kinachohesabika ni umbo. Spika ndefu ya sebuleni ina woofa, kile kispika kikubwa cha sauti nzito, huku na twita kule, na ukiikaribia sana unasikia besi ikitoka mahali pake na matoazi mahali pake. Kwa meza tafuta ndogo, woofa ya inchi 3 hadi 5, twita ikiwa jirani yake kabisa. Kuna kampuni zinazoweka twita katikati ya woofa; KEF wanafanya hivyo tangu 1988, na kwa umbali huu mpango huo una faida ya kweli. Angalia pia tundu la besi, lile tobo la kutolea hewa kwenye boksi la spika. Likiwa nyuma na meza yako imebanana na ukuta, besi itavimba na kuguruma. Tundu la mbele lina unafuu, ingawa hata hilo halifuti kabisa athari ya ukuta.

Halafu kuna meza yenyewe, ambayo wengi wanaisahau. Kwangu nilipima: woofa ilikuwa sentimita 20 juu ya meza, sikio 40, na katikati yao, ukipima kwa usawa wa meza, sentimita 70. Sauti ya moja kwa moja ilisafiri sentimita 73, iliyodunda mezani ikasafiri 92. Hiyo tofauti ya 19 ni nusu ya wimbi la hezi (mitetemo kwa sekunde) 900 hivi, kwa hiyo sauti hizo mbili zikikutana sikioni zinapunguzana nguvu, tena palepale ilipo sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana alikuwa anaimba kama yumo ndani ya debe. Ukitaka kuliona tatizo kwa macho, laza kioo cha kujitazamia mezani: mahali unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda. Niliziinua spika kwa matofali mawili mawili hadi twita zikalingana na masikio, nikazivuta ukingoni mwa meza, zikaniangalia. Mwimbaji akatoka kwenye debe. Fanya hivyo kwanza na spika ulizonazo, huenda hela ikabaki mfukoni.

Ukiamua kununua, zenye amplifaya ndani ndizo rahisi, lakini nyingi zina kasoro ambayo sebuleni usingeijua: mchakacho mwembamba wa twita wakati hakuna kinachopigwa. Dukani kelele za barabarani huumeza. Mwambie muuzaji aiwashe bila muziki, apandishe sauti kiasi unachotumia nyumbani, kisha inama usogeze sikio hadi umbali utakaokaa nao. Wakikucheka waache wacheke.