Wolai wako kina kifupi, ila hawataki kelele

Barafu ikishika tu juu ya maziwa, kila mwaka, naanza kupata meseji za aina moja: "kaka tumetoboa mashimo ishirini huko katikati hatujaona hata mmoja, hawa samaki wamehamia wapi?" Na mara nyingi jibu langu ni kwamba mliwapita. Mliwapita karibu na pale mliposhusha sleji (kile kigari cha kuburuta mizigo juu ya barafu) kwenye gari, futi 5 au 6 za maji, sio mbali na nchi kavu, halafu mkatembea saa nzima kuwafuata sehemu ambayo hawapo.

Kazi yangu ni kuongoza watu kuvua juu ya barafu, huku kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, huu ni msimu wangu wa kumi na moja, na samaki ninaemtafuta karibu kila siku ni wolai. Kwa usiyemjua: rangi yake kahawia yenye udhahabu, ana meno makali, ncha ya chini ya mkia ina doa jeupe, na jicho lake ukilimulika na tochi linawaka kama la paka. Minnesota walimfanya samaki wa jimbo tangu 1965 na watu wa huku wanampenda kweli kweli, nyama yake nyeupe na haina shombo.

Hilo jicho ndo ufunguo wa kila ntakachosema hapa. Nyuma ya jicho la wolai kuna tabaka linalorudisha mwanga, kwahiyo mwanga kidogo tu unamtosha kuona vizuri wakati samaki wengine wameshaanza kupapasa. Chakula chake kikubwa huku ni pechi wa njano, wale wadogo wenye mistari, na pechi anaona vizuri mchana lakini jua likianza kuzama macho yake yanaishiwa nguvu. Sasa we fikiria, pechi wadogo wako kwenye majani na kwenye mawe ya kina kifupi, giza linaingia, hawaoni, na wolai anaona. Unadhani atabaki kilindini kufanya nini? Anapanda. Anafuata chakula hadi kwenye maji ambayo ukisimama yanakufika kifuani, na haogopi hicho kina hata kidogo. Anachoogopa ni mwanga na kelele.

Mimi hili nililijulia ziwa la Upper Red Lake, na bado naamini ndo shule nzuri kuliko zote, manake pale kilindi hakuna. Sehemu ya kina kirefu kabisa ni kama futi 18 hivi. Ziwa ni pana balaa lakini limelala kama sinia, unaenda unaenda chini pako vile vile, na kitu pekee kinachobadilika ni ule mteremko wa kwanza kutoka ufukweni, pale futi 4 inapogeuka kuwa 7 au 8. Huo mteremko mdogo, ambao kwenye ziwa lingine usingeujali, pale ni barabara kuu ya samaki. Maji yake pia yana rangi ya chai kwasababu yanatoka kwenye vinamasi vikubwa vya upande wa kaskazini, kwahiyo mwanga haushuki sana na siku nyingine wanakula hata saa sita mchana. Usiende na akili hiyo hiyo ziwa la Mille Lacs. Kule maji ni meupe, yaani maangavu, mchana wa jua wolai wa kina kifupi hutamuona, subiri jioni.

Na hilo ziwa lina historia ambayo kila anayevua pale inabidi aijue. Miaka ya 1990 wolai walivuliwa mpaka wakakaribia kuisha, uvuvi wake ukafungwa 1999, halafu Taifa la Red Lake, wenyeji wa asili wa Marekani ambao ndo wenye eneo lile, wakakubaliana na serikali ya jimbo, vifaranga vikamwagwa 1999, 2001 na 2003, na uvuvi ukafunguliwa tena 2006. Sehemu kubwa ya Upper Red, na Lower Red yote, ni mali ya hilo taifa na asiye wa taifa hilo haruhusiwi kuvua huko bila ruhusa yao, sisi wengine tunavua upande wa mashariki, kwahiyo angalia ramani kabla hujaburuta hema lako. Nikimshika wolai pale huwa nakumbuka kwamba kuna watu walikaa miaka wakijizuia ili mimi nimpate.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Mwezi Desemba huku jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na kwenye maji meupe saa ya wolai wa kina kifupi inaanza nusu saa kabla ya hapo mpaka muda wa saa moja hivi baada ya giza kuingia. Asubuhi kuna nyingine fupi kabla jua halijatoka, na huku linachelewa, saa mbili na kitu. Sasa kosa ninaloliona kila wikiendi ni mtu kufika saa kumi, kuwasha keekee ya injini na kuanza kutoboa mashimo wakati huo huo samaki wanapanda. Sauti kwenye maji inakwenda kwa kasi zaidi ya mara nne ya hewani, na kwenye futi 5 samaki hana pa kujificha, keekee iko juu ya kichwa chake. Ukimfukuza hapo mara nyingi harudi jioni ile.

Mimi saa nane, saa tisa ikizidi sana, nimeshamaliza kutoboa. Natoboa kwa mstari unaokata mteremko, tuseme shimo la kwanza futi 4, linalofuata 5, 6, 8, halafu nahama hatua thelathini naanza mstari mwingine. Nasafisha kila shimo, nayaacha yapoe, nakunywa chai kwenye gari. Nikirudi natembea taratibu, sikokoti kitu, mtaimbo sigusi, ndoo naiweka chini kama naweka yai. Kama barafu ni mpya na haina theluji ujue samaki anaona hadi kivuli chako, hapo kaa chini na usizunguke zunguke. Kukiwa na theluji kidogo juu mambo yanakuwa mepesi, inameza sauti na inazuia mwanga, ndo maana mi nafurahi theluji ikianguka wakati wenzangu wanalalamika.

Kuhusu mwanga ngoja niseme kidogo. Mimi nimekulia Kigoma, na kule dagaa anafuata taa, ndo maana mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, karabai haiwezi kushindana na mwezi. Basi mwaka juzi nilikuwa na vijana wanne wa Kikongo kutoka mji wa Fargo, jimbo la jirani, nao wamekulia upande wa pili wa ziwa lile lile, Uvira, na mmoja aliniambia kabisa "kaka, tuweke taa kubwa, watakuja." Nikawaacha wajaribu kwasababu mtu akiona mwenyewe hahitaji kuambiwa mara mbili. Wakatundika taa ya betri ndani ya hema, mwanga ukawa unashuka kwenye mashimo kama nguzo, tukakaa zaidi ya saa bila kuguswa. Tukaizima, tukasukumia theluji kuzunguka hema chini ili hata wa nje usipenye, tukaacha barafu laini ielee kwenye mashimo, kila mtu akabaki na taa nyekundu ndogo ya kichwani. Tukapata watatu kabla ya saa kumi na mbili na nusu, wa kwanza kwenye futi 5. Kumbuka tu kwamba wolai sio dagaa. Dagaa anafuata wadudu waliofuata taa, wolai anawinda kwenye giza na ukiwasha taa umemnyang'anya silaha.

Kifaa kingine kinachodanganya watu ni sona, ile mashine inayotafuta samaki kwa mawimbi ya sauti na kukuonyesha kwenye kioo. Naipenda, naitumia, ila lazima uelewe inaona nini. Miali yake inatoka kama pia iliyopinduliwa, juu nyembamba chini pana, na kwa ile ya digrii 20 ukiwa kwenye futi 30 inaona duara la zaidi ya futi 10 pale chini, lakini kwenye futi 6 inaona futi 2 tu, yaani upana wa ungo. Kwahiyo ukikaa kina kifupi na kioo kiko kitupu usiseme hakuna samaki, anaweza kuwa amesimama futi tatu pembeni anakutazama. Hapo mimi nashusha kamera ya majini shimo la jirani, nailaza iangalie pembeni, na siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilikaa kimya kabisa, manake wolai walikuwa wanapita na kupita na sona yangu haijaonyesha hata mstari.

Chambo sasa. Minnesota wanakuruhusu mishipi miwili ukivua juu ya barafu, na kina kifupi kinataka uitumie yote. Mkononi nashika kijiko kidogo cha chuma, yaani chambo bandia kinachong'aa, chenye kichwa cha kisamaki kwenye ndoana, nakipandisha futi moja au mbili kwa nguvu, kinashuka kinametameta, nafanya mara tatu nne halafu natulia, na nikiona kivuli kinakuja sikipandishi tena kwa nguvu, natetemesha tu. Shimo la pili, hatua mbili tatu kutoka hapo, nalaza mshipi wenye kisamaki hai, ndoana imepita juu juu nyuma ya pezi la mgongoni ili aogelee, futi moja kutoka chini, boya dogo juu. Hiki cha mkononi kinaita, kile cha kulala ndo kinaliwa. Kwenye kina kifupi nusu ya samaki wangu, labda zaidi, wanakula kile cha kulala, na bado wateja wananiambia wanataka nguvu ziwe kwenye cha mkononi kwasababu kinafurahisha.

Mshipi wangu ni mwembamba, wa nguvu ya paundi 6, na sijaona sababu ya kuongeza.

Hii habari yote ni tamu zaidi wiki za mwanzo za barafu. Majani ya chini bado mabichi, yanatoa oksijeni, pechi wamejaa humo. Ikifika Januari theluji imekuwa nene, mwanga haufiki, majani yanakufa na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni, basi sehemu hizo zinakufa nazo na wolai wanahamia kwenye mawe au mchanga, ama wanashuka. Ukitoa jani kwenye shimo likawa jeusi na linanuka, hama, usibishane nalo. Halafu mwisho wa Februari kabla msimu haujafungwa kuna kurudi tena, wanaanza kusogea kwenye midomo ya mito kwa ajili ya kutaga barafu ikiyeyuka.

Na hapo kwenye midomo ya mito naomba unisikilize vizuri. Maji yanayotembea yanakula barafu kwa chini na juu hutaona. Kwa kutembea kwa mguu nataka inchi 4 za barafu safi, ngumu, na napiga mtaimbo kila hatua chache, sio mara moja ufukweni. Upepo nao. Novemba 2022 watu kama 200 walinasa pale Upper Red baada ya barafu kukatika ikaondoka nao, na Desemba 2023 ikatokea tena, watu zaidi ya 100. Waliokolewa, namshukuru Mungu. Upepo mkali ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani na barafu bado changa mimi nafuta safari na narudisha hela ya watu.

Faida moja ya kina kifupi ambayo watu hawaisemi ni kwamba samaki unaemrudisha anaishi. Ukimtoa wolai futi 30 na zaidi kibofu chake cha hewa kinavimba, ukimrudisha anaelea tu. Wa futi 6 hana shida hiyo, na kwenye maziwa mengi lazima urudishe wa ukubwa fulani, sheria inabadilika kila ziwa na kila mwaka kwahiyo isome. Ila usimweke kwenye barafu kumpiga picha kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, macho na mashavu yanaganda ndani ya muda mfupi. Mimi namtolea ndoana kichwa kikiwa bado shimoni, mkono umelowa, namgeuza kichwa chini namwachia, na kwenye kina kile unamuona kabisa akipiga mkia mara moja na kupotea.