Jalada Lifuate Kiwanja, Si Jina la Mtu

Ukiingia masijala ambayo majalada ya viwanja yamepangwa kwa majina, hapa Mbeya droo inayojaa kwanza ni ya M. Mwakyusa, Mwambene, Mwaipopo, Mwakalinga. Na chini ya kila jina wamo watu kadhaa wasiojuana kabisa. Mwananchi anafika dirishani, anataja jina la marehemu baba yake. Karani anaingia ndani na kurudi baada ya saa nzima, mikono imejaa vumbi: jalada halionekani. Mara nyingi huwa halijapotea. Limo humohumo, ila lilifunguliwa kwa jina la yule aliyemuuzia mzee, au kwa jina lilelile lililokosewa herufi moja.

Nimefanya kazi ya kumbukumbu za serikali kwa miaka mingi, na hiki ndicho ninachotaka wananchi na watumishi wenzangu wakielewe wakati huu halmashauri zinapohama kutoka makaratasi kwenda kwenye mifumo ya kompyuta. Wengi wanadhani kazi kubwa ni kuskani. Kuskani kunahitaji mashine na vijana wenye subira, basi. Ukiiskani droo ya M kama ilivyo, utakuwa umeihamishia fujo yake ndani ya kompyuta. Kinachotakiwa kubadilika ni utambulisho wa jalada: lijulikane kwa namba ya kiwanja, kitalu na mtaa. Watu wanauza, wanarithishana, wanaolewa, wanafariki. Kiwanja kinabaki palepale.

Tuanze na kibali cha ujenzi. Kwa njia ya karatasi, ramani ya nyumba yako inazunguka ndani ya jalada moja: mipango miji, afya, mhandisi, na kwa majengo makubwa watu wa zimamoto. Jalada likiwa kwa mhandisi, afisa afya hana cha kusoma. Mhandisi akienda kukagua mradi nje ya mji kwa siku tatu, ramani yako nayo imesimama siku tatu. Kwenye mfumo, wote wanafungua ramani ileile kwa wakati mmoja, na kila aliyeigusa anaacha jina, tarehe na saa. Hapo ndipo ninapoona faida kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hata kupungua kwa foleni: msimamizi anaona ombi limekaa kwa nani na tangu lini, bila kuuliza mtu.

Halmashauri zetu zinatumia mfumo wa mtandaoni wa Tausi ulio chini ya OR-TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, kwa leseni za biashara, vibali na huduma nyingine. Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Unalipa benki au kwa simu. Atakayekuomba fedha za kibali mkononi, hata kama amevaa kitambulisho, usimpe.

Hapa niseme jambo la steshenari, maana nimeona watu wakiumia. Wengi wetu hatuna simu janja, au tunayo lakini hatuna uzoefu, kwa hiyo tunamwomba kijana wa steshenari atujazie. Hakuna ubaya. Ubaya unakuja anapojaza namba yake ya simu badala ya yako ili kazi iende haraka. Ujumbe wote utakwenda kwake, pamoja na namba ya malipo na taarifa kwamba ramani imerudishwa kwa marekebisho. Wewe unakaa nyumbani ukisubiri halmashauri, na halmashauri inakusubiri wewe. Hakikisha namba iliyojazwa ni yako na nywila umeichagua mwenyewe, kisha ondoka na namba ya ombi lako ikiwa imeandikwa.

Kuna anayeuliza: kama kila kitu kimeingia kwenye mfumo, karatasi za nini tena? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki, lakini hilo halimpi mtumishi ruhusa ya kuchoma majalada. Nyaraka za umma zinalindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, na kuziteketeza kuna utaratibu wake. Ramani ya zamani yenye saini ya mpima ardhi inaweza kuwa ndiyo inayomaliza kesi miaka ishirini ijayo.

Sasa mali za umma, eneo linalosahaulika kwa sababu hakuna mwananchi anayelipangia foleni. Mwaka 2006 Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Soko lolote likiungua, moshi haujaisha bado linaulizwa swali: nani alikuwa na kizimba gani? Kama rejista ni daftari moja lililokuwa ofisini mwa soko, jibu linategemea mashahidi na sauti za wenye nguvu. Kama kila kizimba kina namba, picha, jina la mpangaji na risiti zake kwenye mfumo uliohifadhiwa mbali na jengo, mama muuza mchele anarudishiwa nafasi yake bila kumbembeleza mtu.

Au chukua shule za msingi zilizojengwa kwa nguvu za wananchi katika miaka ya 1970, baada ya Azimio la Musoma lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Wazee walitoa ardhi kwa mdomo, mpaka ukawekwa kwa miti ya milingoti au minyaa. Milingoti ilipokomaa ikakatwa kutengeneza madawati na kupaua madarasa, na mpaka ukaondoka nayo. Leo jirani anasogeza uzio hatua mbili kila mwaka, na mwalimu mkuu aliyehamia juzi hana karatasi ya kumwonyesha. Ukienda na simu yenye GPS, mzee wa mtaa na mwenyekiti, ukazunguka eneo lote na kuchukua alama za pembe zake, kisha ukaliingiza kwenye rejista ya mali, umeanza kuliokoa eneo hilo. Hati bado itahitajika. Lakini wazee wanaojua mpaka wanapungua, na hilo haliwezi kusubiri bajeti ya mwakani.

Rejista hiyo na mfumo wa vibali lazima viongee. Ombi la kujenga likiingia, na pembe za kiwanja zikagusa uwanja wa shule, hifadhi ya barabara au njia ya maji ya mvua, mfumo umzuie afisa kabla hajaidhinisha. Jambo hili linahitaji pia taasisi kuelewana nani anatunza nini. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ianzishwe mwaka 2017 barabara za mitaa ziko kwao, halmashauri ina masoko na shule, mamlaka ya maji ina mabomba yanayopita chini ya vyote hivyo. Mtaro mmoja ukiwa kwenye rejista mbili, au usiwe kwenye hata moja, masika yakianza hakuna wa kuuzibua.

Kikwazo chetu kikubwa ni maeneo yasiyopimwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya, na sehemu kubwa ya makazi ya milimani ilikua kabla ya mpima kufika. Huko namba ya kiwanja haipo, na hakuna kompyuta itakayoitunga. Urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, ndio unaoileta. Wengine hudhani namba ya anwani za makazi iliyobandikwa nyumbani ndiyo hiyo, siyo. Ile inaonyesha nyumba ilipo. Mita ya LUKU nayo, ambayo tangu 2021 inakatwa kodi ya majengo, inaweza kuwa inalipiwa na mpangaji. Namba hizi tatu zikifungwa pamoja zitatusaidia sana, ila hakuna inayosimama badala ya nyingine.

Kwa hiyo kibali chako kikitoka, kabla fundi hajachimba msingi, linganisha namba ya kiwanja, kitalu na jina la mtaa na zilizo kwenye hati au barua ya toleo, kisha tafuta bikoni zako, yaani alama za mpima kwenye pembe, palepale kiwanjani. Herufi moja ikitofautiana, simamisha kazi na urudi ofisini wiki hiyohiyo na karatasi zote mbili.