Pipa la chuoni: tunavyodhani na ilivyo

Simama kando ya pipa lililo nje ya ukumbi wa mihadhara wakati wa mapumziko. Mtu anadondosha chupa ya juisi iliyobaki robo, kifuniko hakijakazwa, juu ya rundo la fotokopi. Dakika chache tu, karatasi za chini zimelowa na kunata, na mnunuzi wa karatasi hazitaki tena. Pipa lenyewe limeandikwa KARATASI kwa herufi kubwa.

Dhana: "Mimi nitupe tu, watatenganisha huko mbele."
Huko mbele yupo mtu mwenye glavu, kama amepewa, akiinamia taka zilizokwisha kuchanganyika. Karatasi iliyoingia mafuta ya chakula haina tiba: mafuta hushika nyuzi zake, na kiwandani inapolowekwa iwe rojo huchafua na zile safi. Hakuna uchambuzi wa baadaye unaorudisha hilo nyuma.

Dhana: "Ina pembetatu ya mishale, kwa hiyo inarejelezwa."
Hii imepotosha wengi, na simlaumu mtu. Namba 1 hadi 7 iliyo ndani ya pembetatu hiyo, kitakoni mwa chombo, hutaja aina ya plastiki, basi. Mfumo huo ulianzishwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988. Mwaka 2013 kiwango kilibadilishwa, mishale ikaondolewa na kubaki pembetatu tupu, ili watu wasiichukulie kuwa alama ya urejelezaji. Mishale ya zamani bado imejaa madukani. Kwa vitendo, namba 1 (chupa za maji na soda) na namba 2 (madumu, chupa za shampuu) ndizo zenye soko mahali pengi. Namba 6 ya povu, ile ya kubebea chakula, kwa kawaida huishia dampo hata ukiiosha ikang'aa.

Dhana: "Kifuniko lazima kitolewe."
Kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, vitie kwenye ndoo ya maji. Cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea. Viwanda hutenganisha plastiki hizo mbili kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo mwaga kilichobaki, minya chupa, funga. Mnunuzi wenu akitaka vifuniko peke yake, mfuate yeye.

Dhana: "Kikombe cha kahawa ni karatasi."
Kichane polepole uone utando wa plastiki ndani. Kisiingie pipa la karatasi; wala risiti za mashine, zina kemikali.

Dhana: "Maganda yataoza tu, hata yakienda dampo."
Yataoza, ila yakifukiwa pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kwa maoni yangu chuo kingeanzia hapa, kabla ya kununua mapipa ya rangi. Jiko la bwalo hutoa maganda mengi kila siku, mahali pamoja, kabla hayajaguswa na plastiki, na watunza bustani wanafagia majani makavu (mara nyingi wanayachoma!) hatua chache kutoka hapo. Changanya ndoo moja ya maganda na mbili au tatu za majani, geuza rundo mara kwa mara, na mboji inatoka. Likinuka, limelowa mno au limekosa hewa: ongeza majani, geuza. Ila vile vikombe vya plastiki "inayooza" usivitie humo. Vingi huhitaji joto la karibu nyuzi 60 kwa muda mrefu, joto ambalo rundo la uani halilishikilii.

Dhana: "Betri ya simu ni taka ndogo."
Betri ya lithiamu ikibanwa ndani ya lori la taka inaweza kulipuka moto na kuliteketeza. Bandika utepe kwenye vichwa vyake, ipeleke panapopokelewa vifaa vya umeme. Iliyovimba usiitoboe wala kuichaji.