Anayetii agizo la tapeli si mjinga

Kila matapeli wanaojifanya maofisa wanapochachamaa, malalamiko yanayotufikia huambatana na swali la ndugu: "Alikuwaje mjinga kiasi hicho?" Tunaomba swali hilo liachwe. Linamtia mwathirika haya, linamchelewesha kuripoti, tena halina ukweli.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwakalisha watu wa kawaida mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Kila mara mtu aliyekuwa chumba cha pili alipokosea jibu la swali, mshiriki alitakiwa kumpiga shoti kwa swichi inayofuata. Shoti hazikuwa za kweli, ila mshiriki hakujua. Aliyesita aliambiwa na msimamizi mwenye koti la maabara: "Tafadhali endelea." Kati ya wanaume 40, 26 walifika volti 450. Walitoka jasho, walitetemeka, wakauma midomo, na bado wakabonyeza.

Tazama zile hatua. Hakuna aliyeanzishwa na 450. Ukishakubali 15, utakataaje 30? Tapeli naye huanza na jina lako, kisha tarehe ya kuzaliwa, na namba ya siri huja mwisho, ukiwa umeshazoea kujibu.

Milgram alieleza kwamba anayetii hujiona chombo tu, jukumu akamwachia mwenye amri. Wanasaikolojia Alexander Haslam na Stephen Reicher wanaona tofauti: watu huendelea kwa sababu wameamini lengo ni jema. Kwa uzoefu wa malalamiko tunayopokea, maelezo haya ya pili yana uzito mkubwa. Tapeli hodari hatishi kwanza. Anasema anailinda akaunti yako.

Na wanaodhani elimu inatosha kumkinga mtu wasome utafiti wa daktari wa akili Charles Hofling wa mwaka 1966. Wauguzi 22 walipigiwa simu na "daktari" wasiyemjua, akawaagiza wampe mgonjwa dozi maradufu ya kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Wauguzi 21 walikuwa tayari kuitoa, wakazuiwa kabla haijamfikia mgonjwa.

Kinachosaidia ni kubadili mazingira ya agizo. Msimamizi wa Milgram alipotoka chumbani na kuagiza kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka hadi takriban mmoja kati ya watano. Wenzao wawili walipogoma mbele yao, waliotii hadi mwisho walibaki 4 kati ya 40.

Kwa hiyo kata simu, wala usiombe ruhusa ya kukata. Mweleze mtu mwingine ulichoagizwa, kwa sauti, kabla ya kufanya lolote. Kisha piga wewe mwenyewe taasisi husika kwa namba iliyo kwenye nyaraka zako, si ile aliyokupa. Ofisa wa kweli hataudhika. Tunashangaa kwamba hofu ya kumuudhi bado ipo.

Ikiwa umeshatii, ijulishe benki mara moja, usisubiri kumaliza kuandika maelezo. Usifute ujumbe. Andika tarehe, saa, namba iliyopiga, cheo alichojitaja na maneno ya agizo kwa mpangilio wake, upeleke polisi na udai namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Mfanyakazi aliyetoa fedha au taarifa za mwajiri afahamu kwamba "niliagizwa" huenda isimwondolee hatua za nidhamu, hasa kama utaratibu ulitaka idhini ya maandishi. Aripoti siku hiyohiyo, kwa maandishi, na abaki na nakala.