Sanaa ya utendaji: mwili wa mwanamke unapokuwa ndiyo kazi yenyewe

Studio za picha za zamani, mwenye kauli alikuwa mpiga picha. "Inua kidevu, mama. Mkono kiunoni. Usicheke." Mama anatii, taa inamulika, kwisha. Picha inatundikwa sebuleni miaka na miaka, na wajukuu wanadhani bibi alikuwa mkali. Kumbe ule ukali ni wa fundi. Nyuma zaidi, studio za Unguja ziliuza kadi za posta zenye wanawake wa pwani, na chini ya picha mara nyingi halikuandikwa jina la mtu, ila kabila tu.

Kumbuka hilo swali la nani anaamuru, ndipo sanaa ya utendaji itaeleweka. Jina linachanganya, maana tayari tunazo sanaa za maonyesho: ngoma, maigizo, sarakasi, zile zinazofundishwa kwenye chuo cha sanaa Bagamoyo. Kwenye igizo mtu huvaa uhusika. Akichomwa kisu, hafi. Kwenye sanaa ya utendaji hakuna uhusika. Msanii anautumia mwili wake kama mchongaji anavyoutumia mpingo, na kinachotendeka kinatendeka kweli, mbele za watu.

Mwaka 1964, mjini Kyoto, msanii wa Kijapani Yoko Ono alipiga magoti jukwaani akaweka mkasi mbele yake. Watazamaji wakaalikwa kupanda mmoja mmoja, kila mtu akate kipande cha nguo aliyoivaa Ono na kuondoka nacho. Kazi hiyo, Cut Piece, aliirudia New York mwaka 1965, na huko ikapigwa filamu. Kwenye filamu hiyo, wengine wanakata kwa haya, kipande kidogo, wanashuka. Kisha anapanda kijana mmoja, hana haraka. Anakata shimizi, anakata kamba za sidiria. Ono hasemi neno. Anainua mikono tu kuziba kifua. Ukifika hapo macho yako yameshamwacha Ono, yanamfuata mwenye mkasi, na unaanza kujiuliza ungekuwepo ungekata wapi.

Sasa, tendo likishapita limepita. Asiyekuwepo anategemea picha, na kuna wasanii ambao kwao picha si kumbukumbu ya tendo, ndiyo kazi yenyewe. Mfano wangu wa kwanza huwa Ana Mendieta, aliyezaliwa Havana, Cuba, mwaka 1948 na kupelekwa Marekani bila wazazi wake mwaka 1961. Mwaka 1973, huko Yagul, Mexico, alilala uchi ndani ya kaburi la kale la Wazapoteki, wenyeji wa asili wa huko, akafunikwa maua meupe. Maua yanaonekana kana kwamba yanachipuka mwilini mwake; uso umefichika kabisa. Aliyebonyeza kamera alikuwa mwingine, lakini amri ilitoka kwa aliyelala.

Baadaye akajiondoa. Alichimba umbo la mwili wake kwenye mchanga wa ufukweni, akalijaza rangi nyekundu, akalipiga picha moja baada ya nyingine huku mawimbi yakilifuta. Safari nyingine umbo alilitia baruti, akawasha. Mfululizo huo aliuita Silueta, neno la Kihispania lenye maana ya umbo la kivuli.

Wengi huuliza: lazima wavue nguo? Ni swali halali, hasa kwa sisi ambao mambo ya mwili wa mwanamke tumezoea yasemwe unyagoni, wanaume wakiwa mbali. Jibu langu ni hapana. Kwenye ule mchanga hakuna ngozi hata kidogo, na bado mwanamke yupo. Tena kuna kazi za uchi tupu ambazo hazina tofauti na zile kadi za posta.

Msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipitia njia nyingine: alichukua majarida, ya mitindo hata ya pikipiki, akakata picha na kuunga mguu wa huyu na mdomo wa yule mpaka akapata viumbe wa kike ambao hakuna fundi wa studio angewaambia wainue kidevu.